Mume Wangu Yuko Kazini Kisarawe

Siku aliyokuja yule binti nilikuwa kibarazani namenya mihogo. Kavaa suruali, na raba zake bila shaka zilikuwa nyeupe alipotoka kwao. Kufika huku kwetu Janga zilishakuwa rangi ya udongo. Akapiga hodi huku ananitazama usoni, akaniamkia vizuri, nikamwitikia, nikamsukumia kigoda kwa mguu maana mikono ilijaa utomvu. Hakukaa.

"Bibi, samahani. Namtafuta mke wa huyu kijana wa hapa."

"Mke wake unamtakia nini?"

"Mambo ya kazi. Nataka kuzungumza naye mwenyewe."

"Na nani kakwambia kijana wa hapa ana mke?"

"Yeye. Tulimuuliza kule kituoni kama yuko tayari kwenda kufanya kazi mbali, akasema mpaka mke wake akubali. Anasema mke yuko nyumbani, anapika vizuri, ila mkali na ana wivu."

Nikatia kisu ndani ya beseni. "Hajakosea hata neno moja. Haya sema, nakusikiliza."

Akanikagua kuanzia kilemba mpaka kucha za miguu. Halafu akacheka, akacheka mpaka akajikuta kakaa kwenye kile kigoda alichokikataa. "Jamani, Bibi! Kumbe ni utani wa bibi na mjukuu! Sisi tulishaanza kuogopa. Tulidhani kuna mwanamke kajibandika kwake."

"Kajibandika, ndiye huyu unayemwona. Tena hang'oki."

Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijajua naongea na nani. "Haya, na wewe mwanangu ni nani?"

"Mimi ndiye mwalimu wake."

Kicheko kikanikaukia mdomoni.

Sasa nieleze kwa nini. Mjukuu wangu huyo ni mtoto wa binti yangu. Mama yake alifariki mtoto hajamaliza kuota meno. Upande wa baba, walipoona mtoto hakai, hasemi, hashiki kitu kikashikika, miguu yao ikasahau njia ya kuja kwangu. Nikabaki naye. Leo ni mtu mzima, ana ndevu, Ijumaa anavaa kanzu anakwenda msikitini na wanaume wenzake, lakini akili yake inakwenda kwa mwendo wake yenyewe na haikubali kuharakishwa. Hospitali walisema ana ulemavu wa akili. Mtaani wana majina mengine, siyaandiki hapa nisije nikayaongezea maisha.

Tangu yuko mgongoni nilimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Wajukuu wengine wanakua, wanaona haya, wanaacha. Huyu hakuacha. Kwake yeye mume ni mume. Kuni zikipungua analeta bila kutumwa. Nikichelewa shambani namkuta kasimama njiani kashika kiuno, ananiuliza nilikuwa kwa nani. Na kuku wa nyumba hii kila jioni anawafungia yeye, anawaita mmoja mmoja, na kama kuna aliyelala juu ya mti basi hakuna chakula cha usiku mpaka kashushwa.

Maneno yake anayameza nusu. Mgeni akija, mfasiri ni mimi. "Anasema karibu." "Anauliza umekuja na nini." Dukani mfasiri mimi, zahanati mfasiri mimi. Walikuwa wanamtazama yeye, kisha wananigeukia mimi nimalizie, na mimi namalizia. Sitasema uongo, nilikuwa naipenda kazi hiyo kuliko hata nilivyopenda kuolewa.

Na kumenya muhogo nilimfundisha mimi. Hilo naomba lieleweke mapema. Watu wa huku hatuuchongi muhogo, tunauvua kanzu. Unauchana ganda kwa ncha ya kisu kuanzia shingoni mpaka mkiani, mstari mmoja tu, kisha unaingiza kidole gumba chini ya ganda, unazungusha, kanzu inatoka nzima na muhogo unabaki mweupe kama umetoka kuoga. Ilinichukua misimu na misimu kumwingizia hilo mkononi. Nilikuwa nakaa nyuma yake, namkumbatia, mikono yangu juu ya mikono yake, namwambia sikioni, "Mchane. Muingie. Mvue kanzu." Mpaka siku moja nikaondoa mikono yangu nikijikuna, na yake ikaendelea. Nilipiga vigelegele peke yangu pale uani, majirani wakadhani kuna aliyejifungua.

Alipokuja ofisa ustawi kutuambia kuwa Kibaha mjini kuna kituo kinawafundisha kazi watu wazima wa namna yake, nilikubali kwa sababu moja. Magoti yangu yalishaanza kunisemesha. Nilikuwa najiuliza, siku nikifumba macho huyu atakula kwa nani? Muhogo wa kumenya upo, lakini mtu wa kumwambia sasa menya atakuwa nani? Nikampeleka mwenyewe, akawa analala huko, Ijumaa jioni anarudishwa kwangu.

Ijumaa ya kwanza nikamwekea maji ya kunawa, nikamshika mkono nimnawishe kama siku zote. Akauvuta. "Mwalimu kasema mwenyewe."

Ijumaa iliyofuata nikachukua shati lake la wiki nilifue. Akalikamata. "Mwalimu kasema nguo zangu nafua mwenyewe." Tukalivutana shati mpaka mshono ukalia, nikaliachia.

Ukawa ndio wimbo wa nyumba. Mwalimu kasema kucha. Mwalimu kasema piga mswaki kabla ya kulala. Mwalimu kasema ukisema na mtu mtazame usoni. Nikipika, anachungulia chungu ananiambia mwalimu kasema funika. Nimepika tangu kabla mama wa huyo mwalimu hajazaliwa! Lakini nikavumilia, kwa kuwa kichwani mwangu mwalimu huyo alikuwa mzee. Nilimpa upara, nikampa miwani na kikohozi. Nikasema mzee mwenzangu huyu, ana kiburi cha chaki tu, kitamwisha.

Sasa kumbe mwalimu ndiye huyu. Binti mbichi, meno yote yapo, mapaja yameshika suruali, kakaa kwenye kigoda changu anafuta machozi ya kicheko. Mwaka mzima naletewa mke mwenza ndani ya nyumba yangu kila Ijumaa na sijui.

Akanieleza habari yake. Kisarawe kuna mama mmoja ana kiwanda kidogo cha unga wa muhogo, anahitaji wamenyaji, na yuko radhi kumchukua mjukuu wangu kama ataiweza kazi.

"Mimi nitakuwa naye pale pale, Bibi. Kila siku, bega kwa bega, mpaka azoee."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na atalala wapi?"

"Yeye mwenyewe ametwambia ana babu yake huko."

Kweli anaye. Mdogo wangu wa kiume anakaa si mbali na kiwanda hicho, kwa kuwa Kisarawe ndiko nilikozaliwa mimi. Janga nililetwa na ndoa. Kwa hiyo mke mwenza anamchukua mume wangu, anampeleka kwetu, kwa ndugu zangu, akamenye muhogo niliomfundisha mimi, na mimi nibaki hapa na kuku. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa katokea uani, kasimama nyuma ya yule binti, ananitazama usoni kama alivyofundishwa.

"Mke wangu," akasema. "Niende?"

Na alilisema wazi, halikuhitaji kufasiriwa.

"Nenda," nikasema. Mdomo ndio uliosema. Yule binti alipoondoka nilikwenda ndani nikafunga na kifurushi changu.

Kufika Kisarawe, mdogo wangu aliponiona nashuka garini nyuma ya mjukuu na kifurushi kichwani, alishika mlango akacheka. "Dada, umekuja kunisalimia mimi au umekuja kumchunga mumeo?"

"Nimekuja kusalimia. Mtu haruhusiwi kuja kwao?"

"Miaka yote hii hukuja hata nilipolazwa!"

"Nilikuombea dua. Pisha nipite."

Siku za mwanzo nilijizuia. Anatoka asubuhi, kashika mkoba wake, anarudi alasiri ananuka muhogo mbichi na sabuni. Nikimuuliza kazi vipi, anasema nzuri. Nikimuuliza umekaa na nani, anasema mwalimu. Umekula na nani? Mwalimu. Na kiunoni ananing'iniza picha ngumu zilizofungwa kwa kamba, amechorewa na mwalimu: mtu ananawa, mtu anafunga aproni, mtu anavaa glavu, kisu, beseni, hodhi la maji. Usiku anazitoa anazipitia moja moja kwa kidole. Zamani kidole hicho kilikuwa kinashika upindo wa kanga yangu ndipo usingizi unamjia.

Nikashindwa. Asubuhi moja nikajifunga ushungi nikaenda kiwandani.

Ni banda refu la mabati, ukuta wake nusu, limezungushiwa ua wa michongoma. Ndani wamenyaji wamekaa duara kuuzunguka mlima wa mihogo, wengi wanawake, mashine inanguruma pembeni. Nikamwona. Kavaa aproni nyeupe mpaka magotini, kofia, glavu. Mtu mwenye heshima zake. Yule binti kachuchumaa ubavuni kwake, kamshika kiwiko.

Na mkononi mwa mjukuu wangu nikaona anachokifanya. Alikuwa anachonga! Kaushika muhogo kwa mkono wa glavu, anasukuma kisu kwenda mbele, fyu, fyu, vipande vya ganda vinaruka kama mtu anayechonga penseli. Na kila kipande kimeondoka na nyama yake.

Nikasahau hata kubisha hodi. "Nani kakufundisha kuutesa muhogo hivyo?"

Duara zima likageuka. Mashine tu ndiyo iliyoendelea.

"Shikamoo Bibi," mwalimu akasema, akasimama.

"Shikamoo yako kaa nayo. Huyu anajua kumenya! Nimemfundisha mimi, kwa mikono hii! Mume wangu, vua glavu. Mchane, muingie, mvue kanzu!"

"Bibi, tumeanza na njia hii kwa sababu visu vya hapa ni vikali, asije akajichana kiganja. Akishazoea..."

"Kisu hakijamchana tangu ana kimo cha mchi! Mvue kanzu!"

"Endelea hivyo hivyo, unafanya vizuri," binti akamwambia, kwa sauti ya chini. "Kata kwenda mbele."

"Mvue kanzu!"

"Kwenda mbele."

Mjukuu wangu akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Kisu kikamtoka mkononi. Akashuka kwenye kigoda akakaa chini, akaivuta aproni akajifunika uso na kichwa, akaanza kujitikisa mbele na nyuma kama alivyokuwa anafanya utotoni mvua ya radi ikipiga. Nikaenda kumshika, akanisukuma. Mwalimu akamshika, akamsukuma na yeye. Hakushika kisu tena siku ile. Mwenye kiwanda alitoka ofisini kwake, mama wa makamo mwenye funguo shingoni, akatazama, hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilitaka mmenyaji mmoja. Hapa naona nina watatu na hakuna anayemenya."

Alasiri yule binti akaja nyumbani kwa mdogo wangu. Mjukuu alikuwa kalala, kajigeuzia ukutani. Tukakaa uani. Sikumwomba radhi. Nilimuuliza kama amekula, akasema hajala, nikampa muhogo wa nazi, akala wote.

"Bibi," akasema, "mwenye kiwanda kanipa mpaka keshokutwa. Akimenya siku nzima peke yake bila mtu wa kumsimamia, anabaki. Akikwama, anarudi Janga."

Anarudi Janga. Moyo uliruka, nasema kweli, uliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Halafu ukashuka ulipokumbuka magoti.

"Peke yake? Na wewe utakuwa wapi? Si ulisema bega kwa bega?"

"Kazi yangu mimi ni kuondoka, Bibi. Siku ya kwanza nilimshika mkono juu ya kisu. Kisha nikashika kiwiko tu. Leo ilikuwa nihamie mlangoni, niwe namwonesha kwa kidole. Keshokutwa asinione kabisa. Nikibaki naye mwaka mzima, hiyo siyo kazi aliyoipata yeye, ni yangu mimi."

Nikamtazama. Mwanamke gani huyu anaingia ndani ya nyumba ya watu, anapendwa, halafu anajiandikia talaka mwenyewe?

"Na wewe unaona sawa tu?"

Akalamba kidole chenye tui. "Sioni sawa. Kuna mmoja nilimwacha gereji ya pale Maili Moja. Nilikuwa napita kila jioni kununua soda duka la jirani, na soda sinywi." Akafuta midomo. "Ila Bibi, nikiondoka mimi ukabaki wewe mlangoni, ni yale yale. Nakuomba tuondoke wote."

"Unanifukuza kwetu."

"Nakuomba."

Nikamchukulia sahani nikaenda kuiosha. Lakini usingizi uliponikataa nilikuwa najiona nimekufa, nimelala kwenye jeneza, na yeye kakaa mbele ya mlima wa mihogo anasubiri mtu wa kumwambia mchane.

Keshokutwa hiyo alipotoka nilimpa chai, nikamfunga kamba ya mkoba, nikamwambia, "Mimi leo nina kazi zangu." Akasema haya. Alipokata kona nikatoka kwa nyuma. Kufika kwenye ule ua wa michongoma, upande wa tangi la maji, nikakuta mtu kashachuchumaa. Mwalimu.

"Si tulisema tuondoke wote?" nikamnong'oneza.

"Tumeondoka. Hatuonekani," akasema. Akasogea, nikachuchumaa.

Tukamwona anaingia. Akazipitia picha zake kwa kidole, akanawa, akafunga aproni, fundo likamshinda mara ya kwanza, akalirudia. Akakaa. Akaanza, fyu, fyu, kwenda mbele. Nikauma ulimi. Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupigia mbiu.

"Shemeji!" mama huyo akamwita. "Mkeo hajambo?"

"Hajambo," akasema.

"Tumemwona juzi hapa, kaja kwa kasi. Mkali yule!"

"Ana wivu."

Duara likacheka. "Na meno anayo?"

"Mawili hayapo. Amekula mihogo yangu."

Wakapiga makofi kwa kucheka, na yeye akacheka nao, kichwa kakirusha nyuma. Utani ule ni wangu! Huo wa meno ni wa jikoni kwangu, nilimtania mimi ndipo akajua kunijibu, na sasa anawagawia watu baki kama karanga. Mwalimu kajiziba mdomo, mabega yanatikisika. Nikamfinya.

Ikafika wakati beseni lake limejaa. Picha yake inasema beseni likijaa unapeleka kwenye hodhi. Akajitwika kifuani, akaenda. Na hodhi siku hiyo, kwa bahati yake mbaya, lilikuwa limetolewa maji linasuguliwa. Hakuna maji. Akasimama. Beseni la mihogo mibichi si mzigo wa kusimama nao. Akageuka kutazama mlangoni, pale anaposimamaga mwalimu. Hakuna mtu. Akatazama hodhi. Akatazama mlango. Beseni likaanza kuinama, mdomo ukaanza kupinda, naujua mdomo huo.

Nikainuka. Mwalimu akanikamata kanga. "Subiri, Bibi."

"Ataangusha!"

"Aangushe. Subiri."

Nikachuchumaa. Muhogo mmoja ukadondoka, ukaviringika. Na kumbe huyo mwenzangu mwenye subira keshainuka yeye! Nikamkamata suruali nikamvuta mpaka akaketi juu ya miiba. "Na wewe subiri!"

Tukashikana pale, mimi kucha zangu mkononi mwake, yeye zake kwangu.

Mjukuu wangu akamgeukia yule mama mnene. Akasema, "Api?"

"Nini, shemeji?"

"Api?"

"Sikusikii. Fungua mdomo!"

Mimi nilikuwa nimeshalifasiri rohoni. Wapi. Anauliza wapi aweke. Neno hilo duniani tulikuwa tunalijua mimi na yeye. Akamtazama yule mama usoni, akalivuta tena kutoka chini kabisa: "Wa-pi?"

"Ahaa, wapi! Tua hapo chini kwanza, baba, wanasafisha. Usijiumize." Akamtua mwenyewe lile beseni, akaokota na ule ulioviringika. Mjukuu wangu akarudi kwenye kigoda, akavuta muhogo mwingine. Fyu.

Mchana yule mama akamkatia nusu ya chapati yake. Akaila yote, na akanywa maji kwenye kikombe cha mama huyo huyo.

"Yule mnene ni nani?" nikauliza.

"Sijui," mwalimu akasema, na sauti yake nikaitambua kabisa, ilikuwa kama yangu. "Ana siku ngapi naye? Anajifanya anamjua sana."

"Na chapati yenyewe kavu, naiona kutoka hapa."

"Kavu kweli."

Mpaka kengele ya kutoka ilipogongwa tulikuwa palepale, hatujala, ushungi wangu umechanwa na miiba. Tukajidai tunapita njiani. Akatoka na wenzake, akatuona, na hakufurahi. Akaanza na yule binti.

"Mwalimu, ulisema huji."

"Nilipita tu," binti akasema, kama mtoto.

Akanigeukia mimi, akashika kiuno. "Na wewe. Kuku wangu nani anawafungia?"

"Nimemwachia jirani."

"Jirani anasahau. Rudi nyumbani."

Mbele za watu! Yule mama mnene naye kafika, ananitazama kwa jicho la kutaka habari. "Shemeji, ndiye mkeo huyu?"

"Ndiye."

"Mbona bado mzuri!"

"Nilikwambia," akasema, akaendelea na safari yake ya kwa babu yake, bila kuningoja.

Mwenye kiwanda alimwambia mwalimu aje kuanzia wiki iliyofuata mara moja moja tu, kumjulia hali. Kesho yake nilifunga kifurushi. Mwalimu alinisindikiza mpaka stendi, tukaagana kama wanawake wawili walioachwa na mwanamume mmoja, hatukuwa na la kugombania tena.

Nikarudi Janga. Kuku walikuwa wamepungua, jirani anasahau kweli. Wanawake wa hapa wakipita wananiuliza, "Mumeo yuko wapi siku hizi? Hatumwoni njiani." Nawajibu, "Yuko kazini." Maisha yangu yote nimewasikia wao wakisema hivyo juu ya watoto na waume zao, yuko kazini, yuko kazini, na mimi nikiinamia jiko. Sasa nalisema polepole ili walisikie vizuri. Lakini wakishapita nabaki na nyumba. Jioni nikiwaita kuku wanatazama nyuma yangu, wanamtafuta yeye.

Jumamosi aliyokuja mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona, anawahesabu kuku kwa sauti. Akala, akanitania, akaniuliza nilikuwa kwa nani wiki zote hizo. Halafu akatoa mfuko wa nailoni kwenye mkoba wake. Ndani mna ile aproni, imekakamaa kwa utomvu na unga.

"Mwalimu kasema nifue mwenyewe," akasema.

Shati lile bado nalikumbuka mshono wake.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanisogezea mfuko kwa mguu. "Lakini mwalimu hayupo."

Wallahi sikuwahi kupewa zawadi kama hiyo. Niliifua aproni ile kwa sabuni ya mche, nikaisugua, nikaisuuza, nikaibusu hata, maana hapakuwa na wa kuniona, nikaianika katikati ya kamba mahali pa kuonekana na njia nzima. Nikasema moyoni, huyo mnene na chapati yake, huyo binti na suruali yake, aproni hawajapewa.

Jumapili asubuhi akaianua. Akaikunjua kwenye mwanga, akaigeuza, akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akanusa vidole.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Mfukoni kuna unga. Mwalimu kasema mpaka mfukoni." Akachukua beseni, akachota maji, akakaa pale kibarazani kwenye kigoda changu, akaanza upya.

Nilisimama nikamtazama. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na kipande cha sabuni, nikamtupia.

"Hiyo sabuni ni yangu," nikamwambia. "Usinimalizie."